Rafiki Yako wa Ng'ambo Anaishi Mtaa Gani?

Muombe mtu yeyote aliye karibu nawe, kwa adabu, akuoneshe majina aliyohifadhi kwenye simu yake. Utakutana na "Juma Uturuki", "Asha Muscat", "Dokta China", "Neema Marekani", na pengine "Kaka Dubai Mpya", kwa kuwa laini ya zamani ilishafungwa. Ndivyo tunavyowaandika watu wetu siku hizi: jina moja la kwanza au la utani, kisha nchi nzima. Muulize mwenye simu huyo Juma anaitwa nani kwenye pasipoti, atakuna kichwa. Muulize anakaa mji gani, atajibu, "Huko huko Uturuki." Mtaa je? Anaishi na nani? Hapo mazungumzo yatahamia kwenye mpira.

Siku za kawaida jambo hili halina madhara. Simu inaita, Juma anapokea, mnacheka, mnaulizana bei ya nyama, mnaagana. Lakini siku ardhi ya huko aliko inapotetemeka, au mto unapoacha njia yake, namba ile inabaki tarakimu tupu, na ndipo tunapogundua kwamba miaka yote hiyo tulichokuwa nacho ni laini ya Juma tu.

Nasema wazi tangu mapema, ili asiyekubaliana nami ajue pa kunikamatia. Sehemu kubwa ya mateso ya kusubiri habari za rafiki aliye nje baada ya maafa tunayaandaa wenyewe, miaka kabla, kwa kutojua mambo manne au matano ambayo wazee wetu waliyaandika juu ya bahasha. Umbali hatuwezi kuuondoa. Ujinga huu tunauweza.

Saa 10:17 alfajiri

Jumatatu ya Februari 6, 2023, tetemeko lenye ukubwa wa 7.8 lilipiga kusini mwa Uturuki na kaskazini mwa Syria. Kitovu chake kilikuwa karibu na Pazarcık, katika mkoa wa Kahramanmaraş. Uturuki na sisi tunatumia saa moja, kwa hiyo ilipofika saa 10:17 alfajiri kule, ilikuwa saa 10:17 alfajiri Dar es Salaam, Nairobi na Zanzibar. Watu walikuwa wamelala huku na kule. Saa tisa baadaye, saa 7:24 mchana, likaja la pili la 7.5 karibu na Elbistan, likaangusha yale yaliyokuwa yamebaki yameinama. Uturuki peke yake walikufa zaidi ya watu 53,000, na Syria maelfu wengine.

Kwetu Uturuki si nchi ya kwenye ramani tu. Kuna vijana wetu wanaosoma huko kwa ufadhili wa serikali ya nchi hiyo, na kuna wafanyabiashara wa Kariakoo wanaofuata nguo na mapazia Istanbul. Basi wazazi walipoamka kuwaandaa watoto kwenda shule asubuhi ile, video zilikuwa zimeshafika: jengo la ghorofa linakaa chini, vumbi linapanda, mtu analia kwa lugha usiyoijua, lakini kilio chake unakielewa.

Kila mwenye "Juma Uturuki" akapiga simu. Hapo ndipo ujinga wetu ulipotuadhibu. Kutoka Istanbul hadi Antakya, mji ulioumia kuliko mingi, ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara, karibu sawa na kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza. Mwenye rafiki Istanbul alilia siku nzima kwa mtu ambaye hakuguswa. Na yule mwenye rafiki Gaziantep au Malatya aliweza kujifariji kwamba Uturuki ni kubwa, bila kujua kwamba rafiki yake yuko katikati ya maafa yenyewe. Nani kati ya hao wawili alikuwa na bahati?

Nilishangaa wiki ile kuona watu wanaosoma Biblia kila Jumapili wakilitamka jina Antakya kama la sayari nyingine. Antakya ndiyo Antiokia, mji ambao Matendo ya Mitume inasema wanafunzi waliitwa Wakristo kwa mara ya kwanza. Tunaufahamu tangu shule ya Jumapili. Ila hatukujua kama una mitaa, na kwamba katika mojawapo ya mitaa hiyo anaweza kuwa anaishi mtu tuliyesoma naye.

"Mteja unayempigia hapatikani"

Sauti ile ya dada wa kwenye simu tunaijua sote. Siku ya kawaida inaudhi. Siku ya tetemeko inatia homa. Lakini inasema nini hasa?

Katika miji, minara mingi ya simu imesimikwa juu ya paa za majengo. Jengo likianguka, mnara unaanguka nalo. Uliosalimika unategemea umeme, na umeme ukikatika unabaki na betri ya saa chache au jenereta inayongoja mafuta ambayo lori lake limekwama nyuma ya barabara iliyopasuka. Kule Hatay, mkoa uliko mji wa Antakya, hata njia ya kurukia ndege ilipasuka. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa mzima, amejifunika blanketi uwanjani kwenye baridi ya Februari, simu iko mfukoni, na wewe huku ukaambiwa hapatikani.

Kisha kuna sisi wapigaji. Mnara una nafasi zake, na maelfu wakipiga kwa dakika moja inakuwa kama abiria wa Mbagala kwenye mlango mmoja wa daladala saa 12 jioni: wote wanasukuma, hakuna anayeingia. Kila simu tunayoipiga mara ishirini mfululizo inagombea nafasi ileile na mtu aliye chini ya kifusi anayejaribu kusema yuko ghorofa ya ngapi. Ujumbe mfupi wa maandishi hubeba mzigo mdogo, unaweza kusubiri zamu yake na kufika mtandao ukipumua. Kwa nini basi tunapiga? Kwa sababu kupiga kunatupa hisia ya kufanya jambo. Tunajitibu sisi.

Wajapani waliliona hili mapema. Baada ya tetemeko la Kobe la Januari 17, 1995, laini zilipozidiwa na wapigaji, kampuni ya simu ya NTT ilianzisha namba 171 mwaka 1998. Aliye ndani ya eneo la maafa anapiga 171, anaingiza namba yake ya simu, anaacha ujumbe usiozidi sekunde 30: mimi mzima, tuko shuleni, mama yupo. Jamaa yake aliye mji mwingine anapiga 171, anaingiza namba ileile, anasikiliza. Hakuna anayehitaji kumpata mwenzake moja kwa moja. Lililonifurahisha zaidi ni kwamba tarehe 1 na 15 ya kila mwezi namba hiyo hufunguliwa kwa mazoezi. Watu wazima na watoto wa shule wanajizoeza kuacha ujumbe wa maafa ambayo hayajatokea. Machi 11, 2011, tetemeko na tsunami vilipopiga kaskazini mashariki ya nchi hiyo, kampuni za simu zilibana sehemu kubwa mno ya simu za sauti ili mitambo isizimike kabisa. Waliokwishazoea njia nyingine hawakubaki mikono mitupu.

Sisi tuna nini? Tuna tiki moja. Sijui ni nani aliyetufundisha kuisoma tiki moja ya WhatsApp kama hati ya kifo. Tiki moja maana yake ujumbe umetoka kwako na haujaingia kwenye simu ya mwenzako, basi. Haisemi kama simu imezimwa, imevunjika, imekosa chaji au iko chini ya tofali. Lakini pita kwenye makundi ya familia siku ya maafa uone: "Jamani, tiki moja tangu saa 11!" "Mwisho kuonekana saa 8 usiku!" Na chini yake alama za machozi, safu kwa safu, kabla ya mtu mmoja kuuliza, "Hivi yeye yuko mji gani?"

Habari ya Atsu

Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kwa maafa ya mbali methali hii ni sumu, na mwenye kubisha akumbuke habari ya Christian Atsu.

Mghana huyo, aliyewahi kuchezea Newcastle ya Uingereza, alikuwa akiichezea Hatayspor ya Antakya. Jumapili ya Februari 5 aliifungia timu yake bao la ushindi dhidi ya Kasımpaşa katika dakika za nyongeza. Usiku huohuo alikuwa amelala katika Rönesans Rezidans, jengo la ghorofa 12, wakati ardhi ilipotikisika. Februari 7 ikaja habari: Atsu ametolewa kifusini akiwa hai, ameumia mguu, yuko hospitali. Haikuwa ya mitandaoni tu, shirikisho la soka la Ghana lenyewe liliitangaza kwa furaha. Accra ilishangilia, na sisi wapenda mpira wa Afrika Mashariki tukaisambaza. Kisha ikabainika kwamba hakuna hospitali yenye mtu huyo, wala aliyejua yuko wapi. Wakala wake akasafiri kwenda Hatay kumtafuta. Februari 18 mwili wake ukapatikana kwenye kifusi.

Fikiria familia ile. Walipewa siku moja ya kumshukuru Mungu, kisha wakanyang'anywa, kisha wakasubiri tena zaidi ya wiki nzima. Na huyu alikuwa mtu maarufu, mwenye klabu, wakala, shirikisho na kamera za dunia nzima zikimtafuta. Kama habari ya Atsu ilipotoka kiasi hicho, habari ya mwanafunzi wa mwaka wa pili kutoka Singida itapotoka kiasi gani?

Katika nyumba za kawaida habari ya namna hii ina bei. Mama akisikia mwanawe kapatikana, anachinja kuku na kuita majirani. Akisikia kinyume, turubai linafungwa uani, watu wanaketi, sukari na mchele vinanunuliwa kwa mkopo wa dukani, na kesho yake kijana anapiga simu kutoka kwenye namba ya kuazima. Nani atalipa deni lile? Halafu kuna wale jamaa wa "ile pesa itume kwenye namba hii". Mtu wa namna hiyo akijua kwamba nyumba yenu inasubiri habari za mtu, hachelewi kupiga akijitambulisha kuwa muuguzi wa huko huko, ana mtu wenu wodini, inatakiwa fedha kidogo ya dawa. Familia isiyojua mtoto wao anaishi mji gani itamuuliza swali gani la kumnasa?

Rafiki hana dirisha

Nimetumia neno rafiki makusudi. Ndugu wa damu angalau ana pa kwenda. Ubalozi utampokea, wizara itaandika jina lake, na mwili ukipatikana yeye ndiye atakayeitwa kutoa sampuli ya vinasaba. Rafiki hana dirisha la kusimama. Mliosoma naye bweni moja, aliyekuazima nauli ukaanza kazi, aliyesimamia harusi yako: ukimpigia afisa yeyote utaulizwa, "Wewe ni nani yake?" Na huwezi kumlaumu afisa, maana habari za mtu aliyeumia hazimwagwi kwa kila mpigaji.

Tunasema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, lakini siku ya dhiki kubwa rafiki anasubiri nyuma ya ndugu, na ndugu mara nyingi hamjui. Mama wa Juma hana habari kwamba yuko mtu Arusha ambaye halali. Ndugu wakishapata taarifa njema wanapumua, wanalala, na hakuna anayekumbuka kuirudisha kwenye kundi la waliosoma naye. Dawa yake haihitaji ubalozi wala serikali: ujue namba ya mtu mmoja wa nyumbani kwake, naye akujue. Mtu mmoja tu. Wengine wote wampigie huyo, familia ibakiwe na masikio ya kusikiliza simu zinazotoka kule.

Wakimbizi wetu wa Nyarugusu, Kigoma, wanaweza kutufundisha hapa kuliko profesa yeyote. Mkongomani au Mrundi aliyepotezana na watu wake njiani anaijua huduma ya Msalaba Mwekundu ya kutafuta jamaa na kuwaunganisha, na anajua maswali yake: jina kamili, jina la baba na mama, mwaka wa kuzaliwa, mahali mlipoonana au kuwasiliana mara ya mwisho, anwani ya mwisho inayojulikana. Huduma hiyo hufanya kazi kwenye vita na kwenye maafa ya asili pia. Jaribu sasa kujaza fomu ile kwa kutumia "Juma Uturuki".

Hali ni ngumu zaidi kwa mabinti waliokwenda Ghuba kufanya kazi za ndani. Oktoba 3, 2021 kimbunga Shaheen kilipotua Oman, kwenye pwani ya Batinah upande wa Suwaiq na Khaburah, Unguja, Pemba na Mombasa zilishika simu. Wenye shangazi na wajomba Muscat walijua pa kuanzia, kwani undugu ule ni wa vizazi, nyumba zinajulikana, mitaa inajulikana, na jirani wa shangazi naye anaongea Kiswahili. Lakini binti ambaye anwani yake ni jina la mwajiri lililotamkwa nusu, na simu anapewa Ijumaa tu? Nyumbani kwao walikuwa na namba ya dalali aliyempeleka, na dalali alishabadilisha laini. Fimbo ya mbali haiui nyoka, hilo linajulikana. Basi mwenye binti wa namna hii amtafutie fimbo ya karibu kabla hajapanda ndege: jina la mwajiri kama lilivyo kwenye mkataba, nakala ya mkataba wenyewe, mji, na Mswahili mmoja anayeishi mji huo.

Sisi nasi husubiriwa

Desemba 3, 2023 tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang vikafunika sehemu za Katesh, na zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Wiki ile mtu wa Tanga alipata ujumbe kutoka kwa rafiki yake Mjerumani: uko hai? Akatuonesha, tukacheka. Tanga na Hanang wapi na wapi! Tulicheka bila kukumbuka kwamba miezi kumi kabla tulikuwa tumempigia mtu wa Istanbul tukilia.

Na kijana wa Katesh aliyekuwa masomoni nje alikuwa anasubiri habari zetu kwa namna ileile, akiangalia video ileile ya tope mara mia. Aliyekuwa salama na mwenye mtandao aliweza kumuandikia mstari mmoja: mama yuko kwa shangazi, nyumba imekwenda, watu wote wapo. Wangapi waliandika? Wengi wetu tukiwa tumesalimika huwa tunadhani dunia imeshajua. Hata kile kitufe cha Facebook cha kusema uko salama, ambacho kimekuwapo tangu 2014, hukutana na watu wanaopita bila kukibonyeza huku wakiweka picha za maafa.

Lakini si uchuro huu?

Najua pingamizi litakalokuja, kwa sababu nimelisikia kila nilipolizungumza jambo hili mezani. Kumuuliza mtu "likitokea la kutokea nimpigie nani" ni kumtabiria mabaya. Ni uchuro. Mama mmoja aliniambia kwamba mwanawe alipoondoka hakutaka hata kunakili pasipoti yake, asije akaonekana anajiandaa kwa msiba.

Siwezi kulidharau hilo. Watu wetu wanaogopa maneno kwa sababu, na mtu anayesafiri anastahili dua, hastahili orodha ya maafa. Hata hivyo, bahasha ya zamani ilikuwa na jina kamili, sanduku la posta, mji, na nyuma yake jina la aliyeandika, na hakuna aliyeita bahasha uchuro. Tulikuwa na marafiki wa kalamu, tuliowapata kwenye kurasa za magazeti, ambao hatukuwahi kuwaona kwa macho wala kusikia sauti zao, na bado tulijua nyumba zao zina namba ngapi. Leo tunamuona rafiki kwa video akipika, akicheka, akionesha theluji dirishani, na hatujui dirisha lile liko mtaa gani.

Kwa bahati adabu zetu zina njia ya kuuliza mambo haya bila kumtisha mtu. Salamu yetu haijawahi kuishia kwa mtu mmoja. Tunauliza watoto, tunauliza mzee, tunauliza kazi. Basi mkizungumza Jumapili hii, muulize na majirani: hawajambo? Akijibu hawajambo, muulize wanaitwa nani, ni wa kabila gani huko, wanaongea lugha gani, na huyo anayempa funguo akisafiri ana namba gani ya simu. Mwambie akuelekeze nyumba kama anavyomuelekeza mgeni: ukishuka kituo gani, ukikata kona ipi, ghorofa ya ngapi. Atakueleza kwa furaha, maana walio mbali wanapenda kuulizwa. Wewe andika.